Chombo Hakirudi Tupu

Jumapili, 1 Oktoba 1995

Msiba. Hakuna aliyekufa. Ni msiba wa kiti.

Tumetoka misa, tumefika kwa Maman Émérance kama kila Jumapili: mimi, Jérôme niliyesoma naye Bukavu, na Laetitia mke wake. Bugali, sombe ya majani ya muhogo, visamaki vya sambaza vya kukaanga, na pilipili ile inayomfanya mtu ataje watakatifu wote mmoja mmoja. Sijameza tonge la pili, Laetitia akatangaza kwamba kaka yake Désiré anafika Ijumaa, anatoka Goma. Tukapiga makofi. Mimi nikapiga kuliko wote. Mjinga mimi!

Maman Émérance ana viti vinne. Akavitazama. Akanitazama. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu anayeuliza saa, kwamba mabakuli yake yamelala kabatini kwangu tangu mwaka juzi, na kwamba mutu anayekula tu bila kurudisha, huyo si mugeni wala si ndugu. Donc: mwisho wa mwezi huu, kama vyombo havijarudi kama inavyotakiwa, Désiré atakaa kwenye kiti changu.

Nikajitolea kuja na kiti changu mwenyewe. Akasema hii si mambo ya kiti.

Nimerudi nyumbani, nimefungua kabati. Mabakuli ya bati, sufuria ndogo, sahani ya maua, kopo la maandazi la Jérôme. Vyote nimeviosha. Si wizi! Mtu yeyote wa kwetu ananielewa. Chombo cha mtu hakirudi tupu. Ukiletewa sombe, bakuli linarudi na kitu ndani, la sivyo ni aibu. Mimi sijui kupika. Sina kitu cha kutia. Kwa hiyo bakuli linangoja, na linalofuata linangoja nyuma yake. Hiyo ni heshima. Ni heshima iliyojaa kabati zima.

Naandika ukweli kwa kuwa hakuna anayesoma: naogopa. Mimi ni mlinzi hapa kwa Wabelgiji, wiki nzima nasimama kwenye mlango wa ofisi pale Schuman, watu wananionyesha kadi zao bila kunitazama uso. Nyumbani ni mkate na sardini. Jumapili ndiyo siku pekee mtu ananiuliza kama nimeshiba. Kiti kile kikienda, nimekwisha.

Jumanne, 3 Oktoba

Nimeamua kupika mwenyewe. Kuna ugumu gani? Jérôme anapika maandazi, na Jérôme alirudia darasa la nne.

Maharage. Nimeyateleka, nikakaa kidogo mbele ya televisheni. Mbio za baiskeli. Hakuna kitu kinacholaza mtu kama Wabelgiji wakipanda kilima.

Moshi! Nikazinduka na kumkuta Madame Fernande wa ghorofa ya chini amesimama jikoni kwangu na ndoo. Ana karibu miaka themanini na magoti mabovu, na bado alifika kwenye moto kabla yangu. Ni Mbelgiji, mjane. Aliishi Bukavu zamani, mume wake akiwa na shamba la chai, na Kiswahili chake amekihifadhi vilevile alivyoondoka nacho: kile cha kutoa amri. Akaniuliza: wewe nataka choma nyumba yote? Nikasema hapana, Madame. Akasema basi keti chini, usishike kitu.

Sufuria imeungua kabisa. Ilikuwa ya Maman Émérance. Bon, chombo kimoja kimepungua kwenye tatizo. Lazima mtu aone upande mzuri wa mambo.

Jumatano, 4 Oktoba

Mlango umegongwa. Madame Fernande tena, safari hii na sahani nyeupe ya udongo, nzito, imefunikwa kwa kitambaa. Amesema mwanaume aliyekonda namna hii haifai kuachwa peke yake na moto. Ndani ni nyama ya ng'ombe iliyopikwa taratibu katika bia nyeusi.

Nimeonja kijiko kimoja. Nimekaa chini. Nimeonja kingine nikiwa nimekaa.

Halafu nikaitazama ile sahani. Nikalitazama kabati. Yezu wangu, akili ya mtu ni kitu cha ajabu! Madame Fernande hamjui Maman Émérance. Maman Émérance hamjui Madame Fernande. Wote wako Ganshoren, lakini katikati yao kuna mitaa mitatu na mimi.

Nimehamisha nyama yote kwenye bakuli la buluu la Maman Émérance. Karibu yote.

Alhamisi, 5 Oktoba

Ushindi!

Maman Émérance alifungua mlango, akaliona bakuli lake, akashika kifua. Akaonja. Akauliza nani amenifundisha. Nikasema marehemu bibi yangu, upande wa mama. Akauliza bibi alitoa wapi bia nyeusi kule kijijini. Nikasema yeye alitumia kasiksi, pombe ya ndizi, mimi nimebadilisha kidogo kwa ajili ya baridi. Akasema kumbe, Patient, muda wote huu ulikuwa unatuficha. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Nauweza sana unyenyekevu.

Sahani nyeupe nilikuwa nayo kwenye mfuko, nikasema ni yangu. Akaijaza sombe mpaka ukingoni. Nikateremka nayo moja kwa moja hadi kwa Madame Fernande, bila hata kuvua koti.

Akalia. Kweli kabisa, machozi. Amesema mara ya mwisho alikula sombe ilikuwa Bukavu, mwaka wa uhuru, kwenye baraza, masanduku yakiwa tayari yamefungwa. Amesema sombe yangu iko muzuri kushinda ya mupishi yake ya zamani.

Babu yangu aliwapikia Wazungu wa Bukavu maisha yake yote na sidhani kama kuna aliyemlilia. Mimi nimeliliwa kwa sombe ambayo sikupika. Familia inapanda cheo.

Jumapili, 8 Oktoba

Désiré amefika. Simpendi.

Mwembamba, mpole, koti limemzidi. Alipoona viti vinne hakungoja kuambiwa, akakalia sanduku lake la safari pembeni ya meza na kusema liko sawa kabisa. Nani anasema sanduku liko sawa kabisa? Mtu mwenye mipango, huyo ndiye anayesema hivyo.

Baada ya kula akainuka na kuosha vyombo. Hakuombwa! Akapindua kila bakuli akitazama chini, kwa sababu akina mama wa kwetu huandika majina yao pale kwa rangi ya kucha, ili vyombo visipotee kwenye matanga na harusi. Vya Maman Émérance huku, vya Laetitia kule. Maman Émérance akasema tazameni mutoto aliyelelewa. Ana miaka arobaini na mbili!

Na kumbe alikuwa mpishi wa hoteli huko Goma. Kilibaki kipande cha nyama yangu ya Alhamisi, wakampa aonje. Akafumba macho. Akaniuliza kwa heshima mkate wenye haradali niliutia mwanzo au mwishoni.

Mkate gani?

Nikasema hiyo ni siri ya familia. Akasema anaelewa. Anaelewa nini? Maman Émérance hata hivyo akanisifu mbele ya wote na kusema kiti kinaanza kumzoea mwenyewe tena.

Jumatano, 11 Oktoba

Biashara inakwenda yenyewe. Maandazi ya Jérôme yameshuka kwa Madame Fernande. Keki ya wali na maziwa ya Madame Fernande, ile ambayo hapa wanaiita tarte, imekwenda kwa Jérôme na Laetitia. Laetitia amenipigia simu kuuliza inapikwaje. Nikamwambia wali, maziwa, na imani. Akasema ataandika.

Kila chakula kinachopita kwangu kinatoa ushuru kidogo. Vijiko vichache tu. Mkanda nimeusogeza tundu moja.

Nimewaza: je, huu ni uongo? Hapana. Madame Fernande anafurahi. Maman Émérance anafurahi. Maandazi yanatembea, yanaona dunia. Mimi ni daraja. D'ailleurs, isitoshe, hakuna mtu aliyewahi kuliuliza daraja limepika nini.

Jumamosi, 14 Oktoba

Ajali ndogo. Sahani nyeupe ya Madame Fernande imeniponyoka kwenye ngazi. Vipande vipande. Afadhali ilikuwa tupu, nilikuwa nimeshakula ushuru wote.

Lakini leo nilikuwa na sombe ya kumpelekea, na nilikuwa nimemwahidi. Nikaiacha kwenye bakuli la buluu ambalo Maman Émérance alinitilia, na kumwambia sahani yake imebaki kazini, nitaileta, na kwamba bakuli hili ni langu la harusi. Akauliza harusi gani. Nikasema ile ambayo haikufanyika. Akanipapasa shavu.

Ametaka nimfundishe kupika sombe. Nikasema majani yake lazima yatwangwe na mtu mwenye huzuni. Amekubali kungoja mpaka nihuzunike.

Jumapili, 15 Oktoba

Wee! Mambo yamekuwa makubwa.

Jumapili ijayo ni sikukuu ya kuzaliwa ya Maman Émérance. Jérôme alitaka kuleta keki. Désiré, kimyakimya kutoka juu ya sanduku lake, akasema angeweza kupika kuku. Maman Émérance akasema hapana, mwaka huu anataka kitu kimoja tu, nyama ya bibi yake Patient, sufuria nzima. Nilimtazama Désiré usoni ili nione akishindwa. Akatabasamu na kusema atakuja kuosha. Mtu huyu hana adabu.

Nimemweleza Madame Fernande kwamba walinzi wenzangu wengi hawana wake, hawana jiko, Jumapili wanakaa na njaa. Hiyo ni kweli, angalau kwa mmoja wao. Ameguswa sana. Atapika sufuria kubwa, ile ya chuma nyekundu. Ameuliza tena habari ya lile bakuli la buluu, kama nalihitaji. Nikasema akae nalo tu. Mimi sina haraka na vyombo.

Jumapili, 22 Oktoba

Naandika yote.

Asubuhi nilibeba sufuria nyekundu mitaa mitatu. Nzito kama dhambi. Nilipoifunua mezani, harufu ikajaa nyumba. Kila mtu alikuwa mahali pake, Désiré juu ya sanduku, mimi kwenye kiti changu, na moyo wangu, naapa, ulikuwa umeshiba kabla ya tumbo. Nikasimulia habari za bibi. Alikuwa ameanza kuwa mrefu zaidi, bibi yangu, na sasa alikuwa amewahi kumpikia askofu.

Kengele ikalia.

Laetitia akaenda kufungua. Akaingia Madame Fernande, kofia ya misa kichwani, akihema kwa sababu ya magoti, mkononi bakuli la buluu limefungwa kwa kitambaa. Akaenda moja kwa moja kwa mwenye nyumba. Akasema: jambo Mama, mimi nalete bakuli yako.

Alikuwa amelipindua. Akalisoma jina kwa rangi nyekundu ya kucha, akauliza kwa mama muuza mkate pale kona kama yuko mtu anayeitwa hivyo, akaonyeshwa mlango. Kumbe yote yale ya kwetu anayajua! Akasema aliishi Bukavu miaka mingi, na kule watu walimfundisha kwamba bakuli ya mutu hapana rudi bure. Ndani ametia keki ya wali. Amekuja kumwambia Mama asante kwa kumwazima Patient bakuli ya kutilia sombe yake.

Maman Émérance akasema: sombe ya nani?

Madame Fernande akasema: ya Patient, Patient napika. Halafu akaiona meza. Akaiona sufuria nyekundu. Akasema: ah! Nyama yangu. Walinzi iko wapi?

Laetitia akaitazama keki ya wali. Jérôme alikuwa na tonge mdomoni na hakulitafuna tena. Wale wanawake wawili wakatazamana juu ya kichwa changu. Halafu wakanitazama mimi. Nimetazamwa na mabalozi mlangoni pale Schuman, sijawahi kutazamwa hivyo.

Nilisimama. Kwa adabu tu, mwanamke mzee amesimama. Kosa kubwa. Madame Fernande akashukuru na kukaa kwenye kiti changu.

Jérôme ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka Laetitia akampiga mgongoni, halafu Laetitia naye akaanza, akiuliza imani inatiwa vijiko vingapi. Mimi nikakimbilia jikoni.

Désiré akanifuata. Akafungua maji, akanipa kitambaa cha kukaushia. Akaosha, nikakausha. Kutoka mezani niliwasikia wale wawili wakizungumza, kwanza polepole, halafu kwa pamoja: soko la Kadutu, mvua za Bukavu, sambaza zinavyokaangwa, nani alikuwa na duka wapi. Wakicheka. Nilidhani wananicheka mimi. Hapana, ilikuwa mbaya zaidi, walikuwa wamenisahau. Walikuwa wanaahidiana vyakula, chombo kwenda, chombo kurudi, bila daraja.

Nimelia kidogo. Kitunguu hakikuwepo, siwezi kusingizia kitu.

Désiré akaniambia bila kugeuka kwamba yeye hakitaki kiti changu. Alisema tangu atoke Goma amekaa mahali pengi pabaya kuliko sanduku, na kwenye sanduku lile kuna shati la baba yake, anapenda kukaa karibu nalo. Nikasema sikujua. Akasema sikumuuliza. Ilikuwa kweli.

Maman Émérance akaingia na kufunga mlango. Nikangoja anifukuze. Akaniuliza mimi nilifikiri kitu gani kinatiwa ndani ya bakuli ya mutu. Nikasema chakula, Maman, chakula kizuri kama kile nilichopewa. Akashika kiuno. Akasema: Patient, weye mutoto ya nani? Mama yake mwenyewe alikuwa akirudisha bakuli na chumvi. Chumvi tu! Vitunguu viwili. Njiti za kiberiti, wakati wa shida. Chombo hakirudi tupu, nani alikuambia kinarudi na karamu? Akasema hakuwa akingoja nyama. Alikuwa akingoja kujua kwamba nami nina nyumba, na kwamba ndani ya nyumba ile kuna kitu, hata kidogo, ambacho mkono wangu ulikitoa ukimfikiria yeye.

Chumvi. Zaidi ya miaka miwili kabatini, kwa ajili ya chumvi!

Hukumu: Jumapili ijayo nirudishe vyombo vyote, kila kimoja na kitu chake, cha nyumbani kwangu mwenyewe, si cha jirani. Nikifanya hivyo kiti ni changu. Madame Fernande ameshasema ataleta chake, cha kukunja.

Nimembusu mkono. Nimeapa kwa bibi yangu. Akasema bibi nimwache apumzike.

Jumamosi, 28 Oktoba

Mimi ni mtu mpya. Naiandika kwa herufi za utulivu. Nimelala vizuri wiki nzima, kazini nimewasalimia hata wasiosalimia. Ukweli ni mwepesi! Kwa nini hakuna aliyeniambia?

Leo nimetoa vyombo vyote kabatini, nimeviosha tena, nimevipanga mezani. Nimevipindua kimoja kimoja na kusoma majina, kama mtu aliyelelewa. Kila kimoja kitarudi kesho na chumvi ndani, chumvi safi ya nyumbani kwangu, ya mkono wangu. Nilijisikia vizuri hata nikaimba.

Nikafungua kabati la juu. Hakuna chumvi.

Duka liko ng'ambo ya barabara, wanafunga jioni. Lakini mvua! Na mimi viatu vyangu ni vya kazi. Kuna faida gani mtu mpya akiugua?

Nikateremka kwa Madame Fernande. Hakuuliza hata neno, siku hizi ana furaha kila wakati, jiko lake linanuka sombe. Akanijazia chumvi kikombe kizima, kikombe cha kaure chenye ukingo wa dhahabu, cha harusi yake. Nimeigawa kwenye mabakuli. Imetosha vizuri sana. Na chumvi ikishavuka mlango wangu na kulala kwangu usiku mmoja, hiyo ni ya nyumbani kwangu. Hakuna padri atakayebisha.

Kumebaki kikombe. Nimekiosha, nimekiweka mezani, nimekitazama kwa muda. Kizuri. Hakiwezi kurudi tupu.

Kesho nitaondoka mapema kidogo na kikombe, nipitie kwa Jérôme kabla ya misa. Laetitia anasema Désiré amenunua sukari.